London hadi Sydney, Perth hadi London: kilomita, saa na upepo

Nimerudi nyumbani London, na haya nayaandika kutoka kwenye kidaftari nilichokuwa nacho mfukoni na picha za simu, nyingi zikiwa za skrini ya ramani iliyo mbele ya kiti. Kila niliyemwaga aliniuliza swali moja: hadi Sydney ni saa ngapi hewani? Ukipitia Singapore, ni kama saa 21 za kuruka. Lakini saa hizo hazitokani na kilomita peke yake, na hilo ndilo ninalotaka kulieleza vizuri, kwa sababu linagusa tiketi, usingizi na mfuko wa mtu.

Jumanne, 14 Oktoba. London

Ndege ilikuwa ya saa 3 usiku. Nilitoka nyumbani saa 10 alasiri na begi moja, nikapanda treni ya Piccadilly. Nauli yake kutoka katikati ya jiji hadi Heathrow haifiki pauni 7, na inachukua kama saa nzima. Treni ya Elizabeth ina kasi zaidi, ila utalipa zaidi ya mara mbili. Ukiwa na muda, Piccadilly inatosha kabisa.

Kabla ya kufika Heathrow, treni hupita stesheni za Hounslow. Ni hapo Hounslow, tarehe 12 Novemba 1919, ndugu wawili wa Australia, Ross na Keith Smith, waliporuka na mafundi wao wawili, Shiers na Bennett, kwa ndege ya Vickers Vimy isiyo na paa. Serikali ya Australia ilikuwa imetangaza zawadi ya pauni 10,000 kwa Waaustralia wa kwanza kufika kwao kutoka Uingereza kwa ndege ndani ya siku 30. Walitua Darwin tarehe 10 Desemba. Mimi nilikuwa nimebeba sweta na tiketi ya kufika mbali kuliko wao, na nilikuwa nalalamikia moyoni kiti cha katikati. Nilipopita Hounslow nikaacha kulalamika.

Sasa hesabu. Mzunguko wa dunia ni kama kilomita 40,000, kwa hiyo hakuna miji miwili inayoweza kuachana kwa zaidi ya kilomita 20,000. London na Sydney zimeachana kwa takriban 17,000. Mji ukishakuwa karibu hivyo na upande wa pili wa dunia, njia nyingi za kuufikia hukaribiana urefu, hata zikipita nchi tofauti kabisa. Kupitia Hong Kong jumla ni kama kilomita 17,050. Kupitia Singapore ni karibu 17,200: 10,900 za kwanza na 6,300 za mwisho. Kupitia Dubai ni kama 17,550, na kupitia Perth karibu 17,800. Hata ukizunguka kwa Los Angeles, upande mwingine kabisa, unafika 20,800 hivi. Kwa hiyo usichague njia kwa kuogopa kilomita. Angalia bei, muda wa kusubiri katikati, na saa utakayotua.

Tiketi yangu ilikuwa ya kwenda Sydney kwa kupitia Singapore na kurudi kutoka Perth bila kutua popote. Nilitaka kuzionja njia zote mbili.

Jumatano, 15 Oktoba. Hewani, kisha Singapore

Muda hadi Singapore ulikuwa saa 13 na dakika 10. Ukigawa kilomita 10,900 kwa mwendo wa kawaida wa ndege, kilomita 900 kwa saa, unapata saa 12 na kidogo. Iliyobaki imekwenda wapi? Ramani ya kiti ilinionyesha. Njia fupi ingetupeleka kaskazini zaidi, juu ya Urusi, lakini tangu Februari 2022 anga ya Urusi imefungwa kwa ndege za Uingereza. Tukateremka kusini mashariki, tukaikata Uturuki, tukavuka Bahari ya Caspian, kisha India na Ghuba ya Bengal. Mstari kwenye skrini ulipinda huku na huku, ukikwepa maeneo ambayo ndege hazipiti siku hizi.

Usiku wenyewe ulikuwa mfupi. Tunakwenda mashariki, jua nalo linatujia. Nilikuwa nimelala kidogo tu mhudumu alipopita akiomba walio dirishani washushe vifuniko, maana mwanga ulikuwa umeshaingia na saa yangu ya mkononi ilisema bado ni usiku wa manane London.

Tulitua saa 11:10 jioni kwa saa za Singapore. Ni lazima ujaze fomu yao ya kuingia mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Fomu hiyo ni bure, na ukiona tovuti inayodai malipo, toka humo. Mimi nilijaza nikiwa bado London, nikapita mlangoni bila kusimama sana.

Kutoka uwanja wa Changi nilipanda treni hadi Expo, nikabadilisha kwenda Little India. Nauli ni kama dola mbili za Singapore, na kadi ya benki ya kugusa inatosha. Nilikuwa nimeelekezwa Tekka Centre, soko lenye vibanda vya chakula chini. Nilimkuta mzee anapakua biriani ya mbuzi kutoka sufuria pana, wali wa manjano juu na nyama zimezama chini. Akaniuliza natoka wapi. Nilipomjibu kwamba nimezaliwa pwani ya Afrika Mashariki, akaongeza kipande kingine cha nyama na kukataa katakata nisikilipie. Nikala na chai ya maziwa wanayoimimina kutoka kikombe kimoja hadi kingine kutoka juu mpaka inatoa povu. Chakula na chai havikufika dola 10 za huko. Ukimaliza kula, rudisha sinia lako mwenyewe mahali pake. Huko ni sheria, na watu wanaifuata.

Alhamisi, 16 Oktoba. Singapore, na radi

Mchana nililala, nikatembea, nikarudi Changi mapema kuyaona maporomoko ya maji yaliyojengwa ndani ya jengo la Jewel, yanayoanguka kutoka kimo cha mita 40. Yako nje ya ukaguzi, kwa hiyo unayaona hata kama huna safari.

Ndege ya Sydney ilikuwa ya saa 2 usiku. Saa moja kabla, mvua ya radi ikafunga. Radi inapopiga karibu na uwanja, wafanyakazi wa chini wanaondolewa. Hapakii mizigo mtu, hajazi mafuta mtu, na ndege zote hukaa kama zilivyo mpaka radi ipite. Ni jambo la usalama na silalamiki. Msafiri ajue tu kwamba Singapore radi ni nyingi, na asipange ndege ya kuunganisha kwa dakika chache.

Tulikaa langoni kwa zaidi ya saa mbili. Mama mmoja wa Kimalay aliyekuwa akienda kwa mwanawe Melbourne kupitia Sydney alifungua kimfuko, akatoa vipande vya wali wa kunata na nazi vilivyofungwa kwenye jani la mgomba. Akanipa viwili. Jani lilikuwa limebadilika rangi kwa mvuke, kijani kilichofifia, na ukilifunua mafuta ya nazi yanabaki vidoleni. Nikamshukuru, akasema kijana wake naye huwa halali wala hali anaposafiri, na bila shaka kuna mtu njiani anamlisha.

Wakati wa kusubiri, jirani yangu mwingine aliniuliza kwa nini ndege za Singapore kwenda Sydney nyingi huondoka usiku. Sababu mojawapo ni kwamba uwanja wa Sydney una marufuku ya usiku: kuanzia saa 5 usiku hadi saa 12 asubuhi, ndege za kawaida haziruhusiwi kutua wala kuruka. Kwa hiyo ratiba hupangwa ndege ifike baada ya saa 12 asubuhi. Yetu ilitakiwa kutua saa 1 kasoro dakika 20 asubuhi.

Ijumaa, 17 Oktoba. Sydney

Tuliruka saa 4:10 usiku. Mara hii kilomita zilitii. Tulipoingia juu ya bara la Australia skrini iliandika mwendo wa kilomita 1,040 kwa saa. Injini ni zilezile. Ni upepo wa tezi tu, unaosukuma nyuma. Kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12 kuna mikondo mikali ya upepo inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na rubani anayekwenda mashariki huitafuta. Anayekwenda magharibi huikwepa. Shikilia jambo hili, tutalirudia tukienda Perth.

Tukatua saa 3 kasoro dakika 10 asubuhi, saa 7 na dakika 40 baada ya kuruka.

Australia inataka karibu kila mgeni awe na viza kabla ya kupanda ndege. Inaombwa mtandaoni na haibandikwi kwenye pasipoti. Jambo la pili ni chakula. Kila kitu cha kula, mbegu, mti au ngozi kitangaze kwenye kadi ya kuingia, maana faini ni za maelfu ya dola. Nilikuwa nimembebea dada iliki na bizari ya pilau, vyote kwenye pakiti za kiwandani. Nikaweka alama ya "ndiyo". Ofisa akazifungua, akazigeuza, akasoma lebo, akanirudishia. Dakika tano zikaisha.

Treni ya uwanja wa ndege ni ya haraka, ila stesheni zake zinatoza ada ya mlango ya zaidi ya dola 17 za Australia juu ya nauli. Ukiwa na mzigo mwepesi, panda basi 420 hadi Rockdale, kisha treni ya kawaida, na ada hiyo hulipi. Mimi siku hiyo nililipa, miguu ilikuwa imevimba hata kamba za viatu nilishazilegeza.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Miguu hiyo imekuwaje? Ingia, ingia, usisimame."

Akanikalisha, akaniwekea beseni la maji ya vuguvugu na chumvi kabla hata sijamwona mpwa wangu, ambaye ndiye aliyenivusha bahari zote hizo. Alikuwa amelala. Arobaini yake ilikuwa imepita wiki moja tu.

Kutoka mlango wangu hadi mlango wa dada, nikiutoa usiku na mchana niliopumzika Singapore, hesabu ilikuja kama saa 31. Saa za hewani ni theluthi mbili tu ya hizo.

Jumamosi, 18 Oktoba. Albion Park

Nilikuwa na ndege moja ya kwenda kuiona. Kwenye makumbusho ya ndege ya HARS, katika uwanja wa Shellharbour kusini mwa Sydney, imeegeshwa Boeing 747-400 ya Qantas, shirika la ndege la Australia, iitwayo City of Canberra. Agosti 1989 iliruka kutoka London hadi Sydney bila kutua, kwa saa 20 na dakika 9. Kutoka stesheni ya Central hadi Albion Park treni inachukua kama saa mbili, na baada ya Waterfall reli inashuka kandokando ya bahari. Kaa upande wa kushoto. Ijumaa hadi Jumapili kuna kikomo cha nauli: ukishatumia kiasi kisichofika dola 10 kwa siku, safari nyingine za siku hiyo hulipi.

Mzee wa kujitolea aliyetuongoza alikuwa fundi wa ndege enzi zake. Alitusimamisha chini ya bawa, akaligonga kwa kiganja, akatueleza ilivyowezekana. Ndege haikuwa na abiria wa kulipa wala mizigo. Mafuta yalikuwa maalumu, mazito kuliko ya kawaida, ili nishati nyingi ienee kwenye tangi lilelile. Na pale Heathrow haikutembea kwa injini zake hadi kwenye njia ya kurukia. Ilivutwa, ili lisipotee hata tone. "Shida ya safari ndefu," alisema, "ni kwamba unachoma mafuta kuyabeba mafuta." Ndege inayokwenda saa 20 huanza safari ikiwa nzito kwa mafuta ya saa za mwisho, na uzito huo unaulipia tangu dakika ya kwanza. Ndiyo maana kutua Singapore kunaweza kuwa nafuu kwa shirika, ingawa abiria anachelewa.

Mbele ya kiti cha rubani mzee alinionyesha vipimo vya mafuta, akanisubiri nipige picha bila haraka. Kisha aliposikia treni yangu imebakiza dakika chache na inayofuata ni ya baada ya saa nzima, akachukua funguo za gari lake na kunipeleka stesheni mwenyewe. Hakutaka shukrani ndefu. Alitaka tu nimwahidi kwamba siku ile ya safari mpya nitamkumbuka. Alikuwa anasema Airbus A350-1000 ambazo Qantas imeziagiza kwa ajili ya London na Sydney moja kwa moja: viti 238 tu, tangi la ziada la lita 20,000, na safari ya hadi saa 22. Novemba 2019 walishaijaribu njia hiyo kwa Boeing 787 yenye watu wachache, ikachukua saa 19 na dakika 19.

Kumbuka kwamba mwaka 1947, huduma ya kwanza ya kawaida ya Qantas kati ya miji hii ilichukua siku nne, ikilala na kutua njiani Darwin, Singapore, Calcutta, Karachi, Cairo na Tripoli.

Jumapili na Jumatatu zilikuwa za familia.

Jumanne, 21 Oktoba. Sydney hadi Perth

Kilomita 3,280 ndani ya nchi moja. Ratiba inasema kwenda Perth ni kama saa 5, na kurudi Sydney ni kama saa 4. Njia ni ileile. Hapa ndipo nilipouona upepo wa omo, ule unaopiga usoni: skrini ilishuka hadi kilomita 760 kwa saa na kubaki hapo kwa muda mrefu juu ya jangwa jekundu. Mtu akikuuliza kama kweli upepo unahesabika, mwonyeshe ratiba ya Sydney na Perth tu, inatosha.

Kuna treni pia, Indian Pacific, kilomita 4,352 kwa usiku tatu. Ni ghali mara nyingi kuliko ndege.

Angalizo la saa: Oktoba Perth iko nyuma ya Sydney kwa saa 3, lakini Aprili hadi Septemba ni saa 2, kwa sababu Sydney husogeza saa zake na Perth haisogezi. London nayo husogeza kwa tarehe zake. Ndiyo maana tofauti ya London na Sydney ni saa 9 katikati ya mwaka, saa 11 Desemba, na saa 10 kwa wiki chache za Oktoba. Watu hukosa simu za kazi kwa sababu hiyo, na wengine hukosa ndege.

Alhamisi, 23 Oktoba. Perth

Baada ya siku moja na nusu ya kupumzika, nilikwenda uwanjani kwa treni. Sikiliza vizuri hapa: ndege ya Qantas ya London haiko kwenye jengo la safari za kimataifa. Inaondokea upande wa pili wa uwanja, T3 na T4. Ukishuka stesheni ya Airport Central utakuwa upande usio wako. Shuka Redcliffe, kisha panda basi 292. Tulipofika Redcliffe, dada mmoja aliyekuwa na watoto wawili na mabegi matatu alikuwa bado amekaa, akisubiri kushuka Airport Central, stesheni inayofuata. Nilimwonyesha tiketi yangu, akaangalia yake, akainuka. Tukasaidiana mabegi hadi mwisho.

Njia hii ilianza tarehe 24 Machi 2018 kwa Boeing 787-9, na ndiyo ya kwanza ya kawaida kuiunganisha Australia na Ulaya bila kutua: kilomita 14,500 hivi. Mwaka 2024 kulikuwa na kipindi ambacho ililazimika kutua Singapore kuongeza mafuta, kwa sababu ilibidi ikwepe anga ya Iran na njia ikarefuka. Angalia hali kabla ya kulipa zaidi kwa ajili ya "moja kwa moja".

Tuliruka jua likiwa limetoka kuzama, saa 1 kasoro robo jioni, na hatukuliona tena. Tulikuwa tunakwenda magharibi, usiku unatufuata kule tunakokwenda. Saa nyingi za mwanzo ni Bahari ya Hindi tupu. Walitupa chakula cha jioni, wakazima taa, na baada ya kulala, kuamka, kusoma, kutembea hadi mkiani na kurudi, bado kulikuwa giza na skrini ilisema saa 9 zimebaki. Saa ya kumi na mbili ndiyo ngumu. Magoti yanakataa kukunjwa. Nilikuwa nimechagua kiti cha njiani, na nakushauri hivyohivyo: kwa saa 17, uhuru wa kusimama bila kumwamsha mtu una thamani kuliko dirisha lenye giza. Soksi za kubana miguu nilizinunua Perth, na mara hii viatu viliingia vizuri mwishoni.

Ijumaa, 24 Oktoba. London

Magurudumu yaligusa Heathrow saa 11:05 alfajiri, baada ya saa 17 na dakika 20. Jua la London siku hiyo lilichomoza karibu saa 2 kasoro dakika 20, nikiwa nimeshafika nyumbani na kuoga. Usiku mmoja ulikuwa umechukua karibu saa 20.

Kurudi kulikuwa rahisi kwa mwili kuliko kwenda. Sydney nilikesha nikisikiliza ndege wa alfajiri kwa siku kadhaa. London nilisinzia mapema jioni siku mbili, nikawa sawa. Kwenda mashariki huumiza zaidi, kwa sababu mwili hukubali kurefusha siku kuliko kuifupisha. Ukiwa na kazi ya kufanya Sydney, fika siku tatu kabla.

Kwa gharama: tiketi nzima, kwenda Sydney na kurudi kutoka Perth, nililipa pauni 1,240, bila ile ya Sydney hadi Perth. Kwenye tovuti za tiketi usitafute "kwenda na kurudi". Tafuta sehemu ya miji mingi, uandike kila kipande, na kusimama Singapore usiku mmoja kunaweza kusiongeze chochote kwenye bei.